Hakuniuliza, Sikumwambia

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya au tumefanyiwa, na kila linapotajwa tunacheka na kubadili mazungumzo. Nalo ni kuuza gari bovu huku muuzaji akijua fika kwamba ni bovu. Sitaanza na madalali, wala na vijana wa yadi za magari, maana hao tumekwisha kuwasema mno. Nitaanza na mimi mwenyewe.

Mwaka 2012 nilikuwa na gari dogo la Kijapani, la mtumba, kama yalivyo mengi katika jiji letu la Dar es Salaam. Kwa kulitazama lilivutia: rangi haijapauka, viti havijachanika, redio inaimba. Kutoka nyumbani Tabata kwenda kazini na kurudi halikuwa na neno. Lakini ukilikimbiza kwa saa nzima bila kulipumzisha, mshale wa joto ulipanda, na rejeta ikaanza kutapika maji.

Nikalipeleka kwa fundi wangu Gerezani. Akalifungua, akalitazama, kisha akaniita pembeni. "Kaka, gasketi ya silinda hedi imeungua," akaniambia. Kwa wasiojua, gasketi hiyo ni kipande chembamba kinachokaa kati ya bloku ya injini na kile kifuniko chake kiitwacho hedi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba moto unabaki katika silinda, maji yanabaki katika njia za maji, na oili inabaki katika njia ya oili. Ikiungua, vitu hivyo vitatu huanza kutembeleana. Moshi wa silinda huingia katika maji na kuyasukuma nje. Maji nayo huweza kuingia katika oili, ikageuka rangi kama chai ya maziwa, na oili ya namna hiyo hailindi tena vyuma vinavyosuguana.

Fundi akanipa hesabu. Kufungua hedi, kuipeleka kuchongwa ili ikae sawa, na kuweka gasketi mpya, isingepungua laki sita. Na kama hedi ilikuwa na ufa, gharama ingepanda zaidi. Kisha akashusha sauti: "Au liuze, kaka. Nitakuwekea dawa ya kuziba kwenye rejeta, na oili nzito kidogo. Kwa hapa mjini litakwenda wiki mbili tatu bila kelele."

Ndugu msikilizaji, kodi ya nyumba ilikuwa imefika, nayo ilidaiwa ya mwaka mzima. Ada ya mtoto ilikuwa mlangoni. Sisemi haya ili unionee huruma. Nayasema kwa sababu wengi tunaofanya jambo hili hatujioni kuwa ni wezi. Tunajiona ni watu wenye shida tunaotafuta njia ya kutoka. Nikamwambia fundi aweke dawa.

Mnunuzi akaja Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyepata mkopo katika chama chao cha kuweka na kukopa. Niliposema "karibu," akasimama kidogo, akatabasamu. "Sauti hii naijua," akasema. "Wewe si yule wa redioni?" Nikakubali. Nikamuuliza, kwa ajili ya adabu tu, kama amekuja na fundi. Akacheka. "Bwana Mtangazaji, mtu ninayemsikiliza kila juma akitufundisha uungwana, nimletee fundi wa kumchunguza? Si nitakuwa nimekukosea heshima?"

Tukazunguka naye Tabata, dakika kama kumi na tano. Akauliza juu ya matairi, nikamjibu kweli. Akauliza juu ya kadi ya gari, nikamwonyesha, na ilikuwa halali. Akauliza linakula mafuta kiasi gani, nikamjibu kweli. Juu ya injini hakuniuliza, nami sikumwambia. Akanihesabia milioni nne na laki nane, tukaandikiana, tukapeana mikono.

Baada ya wiki tatu aliondoka na familia yake kwenda harusini Morogoro. Gari lilianza kuchemka walipoipita Mlandizi. Akasimama, akaongeza maji, akaendelea. Walipopita Vigwaza, kabla ya kufika Chalinze, injini ikakwama, haigeuki tena. Walishuka kando ya barabara kuu na watoto na mizigo, malori yakiwapita kwa kasi, hadi jioni walipopata msaada wa kuvutwa.

Juma lililofuata alinijia nyumbani kwa daladala. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kusema kweli nilikuwa na majibu tayari: kwamba gari la mtumba ni bahati nasibu, kwamba alilijaribu mwenyewe, kwamba tulikwisha kuandikiana. Hakutukana. Aliketi, akakataa soda, akaniuliza neno moja: "Bwana Mtangazaji, ulikuwa unajua?"

Majibu yote niliyoyaandaa hayakufaa kwa swali hilo. Nikamwambia, "Nilijua, Mwalimu."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi. Ungeniambia, huenda ningelinunua hivyo hivyo, ila kwa bei yake. Sikuja kudai, nilitaka kujua tu." Alipofika mlangoni akaongeza, bila hasira: "Redio nitaendelea kuifungua. Lakini kwa taarifa ya habari."

Nililipa nusu ya gharama ya injini ya mtumba, laki saba, kwa awamu nne. Kila awamu aliniandikia stakabadhi kwa mwandiko wake mzuri wa kialimu, na hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Sasa, ndugu msikilizaji, kuna watakaosema: biashara ni biashara, mnunuzi ana macho. Na kweli, sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, imejengwa juu ya msingi kwamba mnunuzi ajihadhari. Dhamana ya ubora inayowabana wafanyabiashara wa bidhaa hiyo haimbani kwa namna hiyo hiyo mtu binafsi anayeuza gari lake. Hata Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haihesabu kila kimya kuwa ni udanganyifu.

Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kuficha kwa vitendo jambo unalolijua, kwa nia ya kumhadaa mwenzio, ni udanganyifu, na aliyedanganywa ana haki ya kuukataa mkataba. Hebu niulize: ile dawa niliyoitia katika rejeta ilikuwa kimya, au ilikuwa kitendo? Ile oili nzito je? Mwalimu alikuwa na macho, lakini mimi nililipia kitambaa cha kuyafunga.

Yupo mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliyeandika makala juu ya jambo hili mwaka 1970. Wamarekani gari bovu huliita limau, na makala yake ilihusu soko la malimau. Majarida matatu yaliikataa kabla ya la nne kuichapisha, na mwaka 2001 Akerlof alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Hoja yake haihitaji shahada kuielewa. Tuseme yapo magari kumi yanayouzwa. Matano ni mazima, kila moja thamani yake milioni nane. Matano ni mabovu, thamani yake milioni nne. Kwa nje yote yanang'aa. Mnunuzi asiyeweza kuyatofautisha atatoa bei ya katikati, milioni sita. Mwenye gari zima akisikia milioni sita, analirudisha nyumbani. Mwenye bovu anashangilia. Basi sokoni yanabaki mabovu, wanunuzi wanagundua, na bei inashuka hata milioni nne. Mwisho wake mwenye gari zima hana pa kuliuza kwa haki, na mwenye fedha hana pa kununua kwa amani.

Ndiyo maana leo ukitangaza gari lako, hata likiwa zima kama yai, mnunuzi wa kwanza anakukata bei kabla hajafungua boneti. Anakulipisha dhambi yangu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko tulilolichafua hivi, hata kizuri sasa kinajitembeza na hakisadikiwi.

Kwa wewe unayenunua, nakupa yale ambayo Mwalimu angeyafanya kama asingeniamini. Fika mapema, na mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ukiikuta ya moto, uliza kwa nini. Injini ikiwa baridi kabisa, na kamwe si ikiwa ya moto, fungua mfuniko wa rejeta utazame kama kuna oili inayoelea. Fungua na mfuniko wa oili, utazame kama chini yake kuna utando kama malai. Liwashe, uangalie kama maji ya rejeta yanatoa mapovu mfululizo, na kama ekzosi inatoa moshi mweupe usiokwisha hata injini inapopata moto. Kisha liendeshe saa nzima, si kuzunguka mtaa. Na fundi mlete, hata kama anayeuza ni shehe, padri, au mtangazaji wa redio. Muungwana hatakasirika.

Na wewe unayeuza? Mwezi huu nilikuwa nauza gari jingine. Gia boksi yake, ikipata moto, hukawia kuingia gia ya tatu. Safari hii niliandika kasoro hiyo katika karatasi, nikaibandika kiooni, chini ya bei. Majirani walinicheka. Wanunuzi wawili waliisoma wakaondoka. Wa tatu akaleta fundi wake, wakalijaribu, wakanipunguzia laki tisa, wakalichukua. Laki tisa si fedha ndogo kwangu, na sitakudanganya kwamba haikuniuma. Lakini simu ikilia usiku siulizi nani anapiga, wala sijiandalii majibu.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwalimu, sijui kama saa hii umeifungua redio, maana taarifa ya habari imekwisha. Kama unanisikia, jambo hili nililopaswa kukwambia ile Jumapili asubuhi, nimelisema leo mbele ya watu wote.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, nakutakia siku njema.