Moshi wa Sigara Ukutani: Nani Hulipa Mpangaji Anapohama?



Mwisho wa mwezi pikapu za kuhamisha vyombo hujaa mitaani, na ugomvi wa amana huanza. Mpangaji anarudisha ufunguo, keateka anaingia kukagua nyumba na kabla hajafika katikati ya sebule amekwisha kunusa. Kuta zimegeuka manjano, dari iliyo juu ya kochi ina rangi ya chai, na kizingiti cha dirisha kina alama za sigara zilizozimiwa hapo. Landilodi anasema amana yote imekwenda. Mpangaji naye anasema alilipa kodi bila kukosa, na rangi kuchakaa si kosa la mtu.

Kila mmoja ana haki kwa kiasi fulani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolipokea, ila hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida, wala kwa moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wake. Rangi iliyopauka kwa jua na kwa miaka ni uchakavu. Moshi wa sigara ni jambo jingine. Lami na nikotini hushika ukutani, na fundi akipaka rangi ya maji juu yake, doa hujitokeza tena. Lazima kwanza aoshe ukuta kwa sabuni, aungoje ukauke, apige andakoti ya mafuta, ndipo apake rangi. Kazi hiyo ya ziada ndiyo mpangaji anayoweza kudaiwa kwa haki. Kizingiti kilichoungua hakina mjadala: alipe.

Lakini landilodi naye asigeuze amana kuwa mfuko wa kukarabati ploti. Tuseme kodi ni shilingi 12,000, amana ni kiasi hicho hicho, na mpangaji amekaa miaka 4. Anapewa bili ya shilingi 20,000 ya kupaka nyumba nzima, pamoja na chumba cha kulala ambacho hakikuvutiwa sigara hata moja. Rangi ya miaka 4 ingehitaji kupakwa upya hata kama mtu huyo hangewahi kuwasha kiberiti. Fidia hufidia hasara iliyotokea, basi. Angekuwa ameingia nyumba mbichi kwa rangi na kuhama baada ya miezi 6, asingeshangaa kudaiwa hata rangi yenyewe.

Mikataba mingi husema mpangaji atapaka rangi akihama, na mingine hukataza kabisa kuvuta sigara ndani. Aliyetia sahihi amejifunga. Tena amana si kikomo: uharibifu ukizidi amana, landilodi anaweza kudai kilichobaki.

Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi. Picha za kila chumba zipigwe siku ya kuingia na siku ya kutoka, pande zote mbili zikiwepo. Kumbukumbu ya keateka haitoshi; huenda naye alikwisha kuhama. Landilodi anayekata pesa aonyeshe risiti ya hadwea na malipo ya fundi, si hesabu ya kichwani.

Wakishindwa kuelewana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya pesa zilizoshikiliwa na mtu mwingine na ya uharibifu wa mali. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zina jopo lake la kudhibiti kodi. Popote atakapokwenda, mlalamishi abebe mkataba, picha, risiti na ujumbe wa M-Pesa wa siku aliyolipa amana.