Vidonge vya Akili na Mwendo wa Miguu

Somo letu la leo ni la afya. Je, viko vidonge vya kuongeza akili? Na mtu akivimeza, kisha akaenda kukimbia, mwilini hutokea nini?

Tuanze na kile tukijuacho sote, yaani kahawa na chai. Ndani yake imo kafeini. Someni kwa sauti: ka-fe-i-ni. Mtu akiwa macho, ubongo wake hukusanya kitu kiitwacho adenosini. Hicho ndicho kimwambiacho, "Umechoka, pumzika." Kafeini hukikalia kiti chake, na ujumbe ule usifike. Mnywaji hujiona mwepesi. Walakini uchovu haukuondoka. Umezibwa mdomo tu.

Sasa mwendo. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya wazee 120. Kundi moja lilitembea kwa kasi mara tatu kwa wiki, hata wakafikia dakika 40 kila mara. Kundi la pili lilinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, sehemu ya ubongo itunzayo kumbukumbu ilikuwa imekua kwa asilimia 2 hivi kwa wale watembeaji. Kwa wenzao ilipungua.

Je, viwili hivi vikikutana? Kafeini humsaidia mkimbiaji kustahimili. Ndiyo sababu wakuu wa michezo ya kimataifa waliiwekea kikomo, nacho kikaondolewa mwaka 2004. Lakini mazoezi huharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu. Kafeini nayo yaweza kulipandisha. Huo ni mzigo juu ya mzigo. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu na amwulize mganga kwanza. Tena, asiyesikia uchovu hajui wakati wa kusimama, hasa juani.

Kuna na usingizi. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Mtu amezapo kidonge saa kumi na mbili jioni ili akimbie, saa tano usiku nusu yake ingali ikimkesha. Na usingizini ndimo ubongo unamotia masomo ya mchana ghalani. Basi amepata mbio, akapoteza somo.

Wengine huuziwa vidonge vya majani ya ginko, mti wa China. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya Marekani juu ya wazee zaidi ya 3,000. Vidonge hivyo havikuwakinga na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Tena vyaweza kuwa hatari kwa mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande. Fedha yake hutoka mfukoni. Kutembea hakuna bei.

Hapa kusoma kwenu ni ngao. Kabla ya kununua, someni kibandiko. Tafuteni herufi "mg", yaani miligramu. Mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku. Mama mjamzito asizidishe 200. Kikombe cha kahawa chaweza kuwa na 100 hivi, na viko vidonge vyenye 200 kila kimoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa jadilianeni darasani:

1. Juma amekunywa vikombe viwili vya kahawa na kumeza kidonge kimoja cha miligramu 200. Jumla ni ngapi? Je, amebakiwa na nafasi ya kikombe kingine leo?
2. Kwa nini si vizuri kuficha uchovu unapokimbia?
3. Ni saa ngapi wewe waweza kutembea kwa kasi, kila wiki mara tatu?

Andikeni majibu yenu kwa sentensi kamili. Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.