Chumvi Kidogo, Ladha Ileile

Leo tunapiga hodi jikoni kwa mwenye shinikizo la juu la damu.

Chumvi ikizidi, mwili hubakiza maji. Damu huongezeka ujazo na kusukuma kuta za mishipa kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Hapo imo pia chumvi ya mkate, ya soseji na ya vile vidonge vya kukolezea mchuzi.

Sasa tupike maharage. Yachemshe bila chumvi mpaka yalainike. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, kisha nyanya, acha zirojeke. Mimina maharage, yatokote. Ukishaepua, kamulia ndimu: uchachu wake hukoleza chakula hata chumvi ikiwa chembe tu. Ukipenda samaki wa ng'onda, mloweke usiku kucha na umwage yale maji kabla ya kupika.

Mgonjwa asipikiwe chungu chake peke yake. Chakula hiki kinafaa nyumba nzima.

Dawa nazo zisiachwe kwa sababu tu mtu anajisikia vizuri, maana ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Nenda zahanati iliyo karibu ukapimwe, na ukishapewa tarehe ya kurudi, usiikose.