Kidonda Huponaje?

Fuateni somo hili polepole, kwa kidole kama mtakavyo.

Wakati wa kupalilia mibuni huku Kalinzi, jembe huweza kuteleza likakata mguu. Mguu ukipona, watu husema, "Dawa imeuponya." Sivyo hasa. Dawa husaidia, lakini anayeziba kidonda ni mwili wenyewe.

Damu ikisha ganda, huita msaada. Baada ya saa chache hufika chembe nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili. Hupigana na vijidudu, na nyingi hufa. Usaha unaouona ni maiti zao kwa sehemu kubwa. Kisha huja chembe kubwa zaidi ziitwazo makrofaji, maana yake walaji wakubwa. Hizo hula vijidudu na kuondoa maiti.

Ulaji huu ulielezwa na mtaalamu Elie Metchnikoff. Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, alimchoma mnyama mchanga wa baharini kwa mwiba wa waridi. Kesho yake aliona chembe zimeuzunguka mwiba ule. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kula siyo kazi yao yote, na hapa ndipo penye ajabu. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba simbilisi walioondolewa walaji hao walichelewa kupona vidonda. Kwa nini? Kwa sababu mlaji akisha safisha hubadili kazi, akawa kama msimamizi wa mafundi. Hutoa vitu viitwavyo vichocheo vya ukuaji. Kimoja huiambia ngozi ikue kutoka ukingoni. Kingine huita mishipa mipya ya damu. Ndiyo maana nyama mpya ni nyekundu. Kingine huziamsha chembe zinazosuka nyuzi za kovu. Kazi ikiisha, vichocheo hupungua.

Basi, fikiri: ukitia udongo au samadi katika kidonda, walaji watarudi vitani badala ya kujenga. Tena humo mna vijidudu vya pepopunda, ugonjwa unaoua. Osha kwa maji safi na sabuni, funga kwa kitambaa safi, kisha uulize zahanati juu ya sindano ya pepopunda.

Mwenye kisukari ana taabu nyingine. Kwake walaji hukawia katika vita, wala hawageukii ujenzi upesi. Kidonda cha mguu hubaki wazi, pengine hata mguu ukakatwa. Mzee mwenye kidonda kisichofunga kwa wiki mbili asingoje mavuno ya kahawa yaishe. Aende apimwe sukari.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: usaha, kovu, chembe, kichocheo, pepopunda. Halafu kila mmoja amsomee jirani yake sehemu ya walaji.