Biri ya Havana



Jioni hii twaleta habari za biri kali ya Cuba, isokotwayo kwa mikono. Ya kwanza tulipewa zawadi, tukaivuta kama sigara ya karatasi, moshi hata mapafuni. Haijafika nusu tulikuwa tumeegemea ukuta, jasho latutoka. Kosa halikuwa la biri.

Ukali wake watoka katika majani ya juu ya mche, yaitwayo ligero, yaliyopigwa na jua kuliko yote. Ni mazito, yana mafuta, huungua polepole. Kwa hiyo msokotaji huyaweka katikati, akayazungushia mepesi yashikayo moto. Basi mvutaji naye asiharakishe: moshi ukae kinywani tu, utoke, kisha apumzike kitambo kabla ya kuvuta tena.

Lakini lililotupendeza sisi makarani ni hili: mwaka 1865 wasokotaji wa Havana walianza kusomewa magazeti na vitabu kazini, na msomaji walimlipa wenyewe katika ujira wao. Asiyejua kusoma alirudi nyumbani na habari za dunia. Kwetu gazeti moja hupita mikononi mwa watu kumi, wala hapana alisomaye kwa sauti. Twaomba halmashauri ilifikirie jambo hilo. Zamu ya kwanza tu tayari kuishika.