NJAA, BARABARA NA KAMBA: SABABU ZA UPUNGUFU WA CHAKULA NA NJIA ZA KUUKABILI
Mada ya semina ya wadau wa chakula, biashara na usafirishaji, Juba

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie sababu za njaa duniani na njia za kuikabili. Dunia ni kubwa na muda wetu mfupi, kwa hiyo ya dunia nitayapitia mbio ili nibaki na nafasi ya kuzungumzia barabara zetu. Kama ilivyo ada, maoni haya ni yangu, si msimamo wa taasisi ninayoitumikia.

2.0 Maana

Maana ya usalama wa chakula tunaijua sote: chakula kiwepo, kifikike, kiujenge mwili, na hali hiyo idumu. Baa la njaa nalo lina vigezo vyake katika IPC, mfumo wa kimataifa wa kupima ukali wa upungufu wa chakula: angalau kaya 20 katika kila 100 ziwe zimeishiwa kabisa, watoto 30 katika kila 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu 2 katika kila 10,000 wafe kila siku. Katika nguzo nne za usalama wa chakula, mada hii inahusu ya pili: kufikika.

3.0 Sababu kwa muhtasari

Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya 2025 ilikadiria kuwa watu milioni 673 walikuwa na njaa mwaka 2024, ingawa dunia inavuna chakula cha kuwatosha wote. Amartya Sen alilieleza hilo tangu 1981, alipochambua maafa ya njaa ya Bengal ya 1943: watu walikufa si kwa sababu nafaka ilitoweka nchini, bali kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kuipata. Sababu zinazotajwa kila mwaka ni zile zile: vita, tabianchi, uchumi kuyumba na umaskini.

Sudan Kusini imeonja zote. Vita vilizuka Desemba 2013 na kurejea Julai 2016. Februari 2017 baa la njaa lilitangazwa katika kaunti za Leer na Mayendit, ambako watu wapatao 100,000 walikuwa hatarini kufa. Kuanzia 2019 mafuriko yalifuatana mwaka hadi mwaka, na mji wa Bentiu ukazingirwa na maji. Vita vya Sudan vya Aprili 2023 vilivuruga biashara ya nafaka iliyokuwa ikishuka kutoka kaskazini hadi Renk na Malakal. Februari 2024 bomba la mafuta lilipasuka ndani ya Sudan, na mapato ya serikali yakaporomoka. Kwa kipindi cha Aprili hadi Julai 2025, watu milioni 7.7, zaidi ya nusu ya wananchi, walikadiriwa kuwa katika hali mbaya ya chakula au zaidi ya hapo.

Hayo yameandikwa sana, nami sina la kuongeza. Naomba sasa tuingie barabarani.

4.0 Tatizo la njia

4.1 Chakula kilichopo na soko lililo mbali

Ukanda wa kijani wa Ekwatoria, kuanzia Yei na Morobo hadi Maridi na Yambio, una mvua ya kutosha na udongo mzuri. Wakulima wake wengi walikimbilia Uganda baada ya 2016, lakini waliobaki na waliorudi bado wanavuna mahindi, mihogo na karanga. Hata hivyo, mama anayesonga asida katika soko la Konyo Konyo, hapa Juba, ananunua unga uliovuka mpaka wa Uganda kupitia Elegu na Nimule.

Sababu haihitaji utafiti mkubwa. Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami, iliyokamilika 2012. Yambio hadi Juba ni zaidi ya kilomita 400, nyingi zikiwa za udongo unaogeuka tope mvua ikishika. Mkulima wa Yambio anauza kwa bei ya kutupa kwa sababu mnunuzi hana uhakika wa kutoka na mzigo.

4.2 Kamba

Lakini lami peke yake haitatuokoa. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi za IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark walichapisha hesabu ya vizuizi katika njia za biashara za nchi hii, barabarani na mtoni. Vilikuwa zaidi ya 300. Vingine ni geti la chuma lenye ofisi. Vingi ni kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na kijana mwenye bunduki kivulini.

Madhara yake ni matatu.

Kwanza, kamba haipimi thamani ya shehena, inahesabu lori. Lori la bia au la sigara linaweza kubeba tozo hizo na faida ikabaki. Lori la dura, yaani mtama, ambayo ni nzito na ya bei ndogo, haliwezi. Mfanyabiashara mwenye akili atapakia bia. Tozo isiyobagua shehena, kwa vitendo, inakibagua chakula.

Pili, tozo haimuumizi dereva wala tajiri wa lori. Inashuka hadi kwenye malwa, kile kipimo cha sokoni, na anayeilipa ni mnunuzi wa mwisho. Kadiri soko lilivyo mbali, ndivyo maskini wake anavyolipia kamba nyingi zaidi.

Tatu, muda. Kwa viwango vya Afrika Mashariki, mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mzigo uliokaa siku nyingi chini ya turubai, mvua na jua zikipokezana, huota kuvu. Mwaka 2023 malori ya mahindi na unga kutoka Uganda yalizuiliwa Nimule kwa sababu ya sumukuvu. Kulinda afya ya walaji ni haki ya nchi, na sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni hiki: tunapima sumukuvu mpakani, je, ni nani anayepima ile inayozaliwa kati ya mpaka na soko?

Kuna pia suala la usalama. Aprili 2021 madereva wa Kenya na Uganda waligoma kuingia nchini baada ya wenzao kuuawa. Wengi wenu humu mnawafahamu madereva hao, na Kiswahili cha njia hii ni chao.

4.3 Kwa nini kamba hazikatiki

Amri hazijakosekana. Novemba 2017 Rais alitoa amri kwamba misaada ipite bila kizuizi. Mwaka 2024 tozo mpya, zikiwemo za mafuta, zilisababisha Umoja wa Mataifa kusimamisha ndege zilizokuwa zikidondosha chakula kwa zaidi ya watu 60,000. Baadaye serikali ikaondoa tozo hizo kwa mashirika ya misaada. Nashukuru kwa hatua hiyo. Lakini msamaha ulioandikwa Juba husomwa kwa shida kilomita 200 kutoka hapa.

Nimeyasema haya katika kumbi nyingine, mbele ya baadhi ya nyuso ninazoziona leo, na majibu yamekuwa kwamba vizuizi haramu vitaondolewa. Kwa heshima zote, neno "haramu" linatupotosha. Askari asiyepata mshahara kwa miezi mingi, na kaunti isiyopelekewa bajeti, hawakuweka kamba kwa ukorofi tu. Kamba ndiyo mshahara, na kamba ndiyo bajeti. Ukiikata asubuhi bila kujaza pengo, jioni itafungwa mbele kidogo. Sitataja idara wala kaunti. Nimeombwa nisitaje, na wahusika wanajijua.

5.0 Mapendekezo

(i) Askari na polisi wa njia kuu walipwe kwanza na kwa wakati. Bila hili, mengine yote ni karatasi.

(ii) Tozo zote za barabarani zikusanywe mara moja, mahali shehena inapoanzia au inapoingilia, chini ya mamlaka ya mapato ya nchi.

(iii) Sehemu ya makusanyo hayo irudishwe kwa majimbo na kaunti kwa kanuni iliyotangazwa, ili kaunti isihitaji kamba.

(iv) Nafaka, unga, maharage na mafuta ya kula visamehewe tozo za njiani.

(v) Viwango halali vibandikwe kwenye kila geti kwa Kiingereza, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, na kila malipo yatolewe stakabadhi.

(vi) Msamaha wa shehena za misaada upelekwe hadi kwa mkuu wa kila geti, si kuishia wizarani.

(vii) Vifaa vya kupima unyevu na sumukuvu vipelekwe pia Yambio, Maridi na kwenye masoko makubwa ya Juba.

(viii) Barabara za kutoka ukanda wa kijani zipewe kipaumbele, na matengenezo yafanyike kabla ya mvua.

(ix) Mashirika ya misaada yanunue kwanza nafaka ya Ekwatoria kabla ya kuagiza nje. Maghala yajengwe karibu na wakulima, tukikumbuka sakata la dura la 2008, ambapo kampuni zililipwa kwa nafaka na maghala ambayo mengi hayakuonekana.

(x) Ahadi ya Maputo ya 2003, asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, itekelezwe.

(xi) Vizuizi vihesabiwe kila mwaka na matokeo yasomwe bungeni.

(xii) Narudia: mishahara ilipwe.

6.0 Hitimisho

Vita vinahitaji wanasiasa, na mafuriko yanahitaji mabilioni ambayo hatunayo. Kamba ni tofauti: wenye uwezo wa kuiondoa wako Juba, na baadhi yao wako katika ukumbi huu. Naomba semina isiyachukue mapendekezo yote kumi na mawili kwa pamoja, kwa maana orodha ndefu ni rahisi kuiweka kabatini. Ichukue la kwanza na la nne, iyajaribu katika njia moja, Yambio hadi Juba, kwa msimu mmoja wa mavuno. Ofisi moja ibebe jukumu hilo kwa jina lake, na bei ya malwa ya mahindi Konyo Konyo iandikwe kabla na baada. Ikishuka, tutakuwa na hoja ya kupeleka Hazina. Isiposhuka, nitakuja hapa kuulizwa maswali.