Maji ya Kisima, Choo cha Ploti na Mtoto Mchanga

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Chepilat. Leo tuzungumze juu ya maji ya kisima na mtoto aliye chini ya miezi sita.

Mama mmoja aliniambia kliniki, "Sista, maji ya mtoto huyachemsha mara mbili ndiyo yawe safi kabisa." Kisima chao kiko ndani ya ploti, karibu na vyoo vya wapangaji. Nilimsifu kwa bidii yake, kisha nikamweleza jambo ambalo wengi wetu hatujalisikia.

Mkojo na kinyesi vina naitrojeni. Uchafu wa choo cha shimo na maji yanayotoka kwenye tangi la septiki huingia ardhini. Udongo huchuja viini vingi, lakini naitrojeni hugeuka kuwa chumvi iitwayo nitrati, na udongo hauwezi kuishika. Mvua ikinyesha, nitrati huteremka hadi kwenye maji ya kisima. Mbolea ya majani chai na samadi ya ng'ombe pia huiongeza. Haina rangi wala harufu.

Kuchemsha maji huua viini vya kuhara na homa ya matumbo, kwa hiyo usiache kuchemsha. Lakini nitrati si kiini, haifi kwa moto. Maji yakipungua kwenye sufuria, nitrati hubaki, na maji yaliyosalia huwa na nitrati zaidi. Dawa ya klorini pia haiiondoi.

Kwa mtoto mchanga, nitrati nyingi huzuia damu kubeba oksijeni. Daktari Hunter Comly alieleza shida hii huko Iowa, Marekani, mwaka 1945, kwa watoto waliokorogewa maziwa kwa maji ya visima. Dalili ni hizi: midomo na kucha kuwa za samawati au kijivu, kupumua kwa shida, kulegea na kukataa kunyonya. Usitegemee ngozi ya uso. Tazama ulimi, ufizi na viganja. Ukiona hivyo, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali mara moja, kwani inatibika.

Je, jambo hili liko kwetu Kenya? Katika mitaa ya Manyatta na Migosi, Kisumu, watafiti walilinganisha maji ya visima na idadi ya vyoo. Walipata kuwa vyoo vikiwa vingi ndani ya mita 100 kutoka kisimani, nitrati nayo huwa nyingi. Sisi tunaojenga nyumba za kupangisha karibu na soko tujifunze hapo.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji. Nitrati anayokunywa mama haiingii kwa wingi katika maziwa yake. Ukienda kuchuma majani chai, kamua maziwa, uyaache katika kikombe safi chenye kifuniko, na umweleze nyanya asimpe mtoto kitu kingine.

Pili, kama mtoto hana budi kupewa maziwa ya kopo, tumia maji ya bomba au maji ya mvua kutoka paa safi la mabati. Acha mvua ya kwanza ioshe paa. Chemsha maji mara moja tu, yakitokota, epua.

Tatu, pima kwa miguu. Toka chooni hadi kisimani iwe angalau mita 30, karibu hatua 40 za mtu mzima. Kisima kiwe upande wa juu wa mteremko, na choo upande wa chini. Hesabu pia vyoo vya majirani.

Nne, muulize afisa wa afya ya umma jinsi ya kupimiwa maji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni nitrati isiyozidi miligramu 50 kwa lita.

Yule mama alikuwa na maziwa ya kutosha. Alidhani tu kwamba mtoto anaona kiu. Mama, maziwa yako ni chakula, na ndiyo maji ya mtoto pia.

Mwambie na jirani yako.